Masikio ya Fundi wa Breki

Fundi hakuangalia gari lilipokuwa likiingia kwake. Aliligeuzia mgongo. Alisimama pale kwenye njia panda ya kwenda Kabianga, mikono ndani ya mifuko ya ovaroli, uso ukielekea mashamba ya chai, akingoja dereva akanyage breki. Gari likishasimama ndipo alipogeuka na kukuambia ni gurudumu gani linaumwa, kwa nini, na tangu lini. Mara nyingi alipatia. Hilo ndilo lililonikera zaidi baadaye, kwamba mtu mwenye masikio kama yale alikuwa kiziwi kwa jambo moja dogo, na jambo hilo dogo likaniacha mjane.

Nasema liliniacha mjane kwa sababu ndivyo nilivyosema mbele ya watu, na watu waliniamini. Mume wangu alikufa akiteremka mteremko wa Soin na pikapu ambayo Fundi alikuwa ameishughulikia siku moja kabla. Niliulizwa Fundi alisema nini, nikajibu, na baada ya hapo hakuna aliyempelekea gari tena. Kwa hiyo hapa naandika juu ya mtu niliyemwangusha kwa mdomo wangu. Nikimsema kwa hasira mnivumilie. Hasira hiyo nimeilea miaka saba na nimeizoea.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilitoka upande wa Kisii nikaolewa huku, na Kikipsigis changu hadi leo kinaishia kwenye salamu. Mimi na Fundi tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake. Kwake yeye b na p zilikuwa herufi moja, na g na k vilevile. Gari lilikuwa kari, breki zilikuwa preki, bado ilikuwa pado. Si yeye peke yake, nusu ya darasa langu huandika hivyo na nimemaliza kalamu nyingi nyekundu juu yao, lakini kwa Fundi jambo hili lilikuwa limekomaa. Siku moja nilimwandikia maneno mawili kwenye kipande cha katoni, baba na papa, nikamsomea polepole. Akasikiliza macho yamefumbwa, vile alivyosikiliza magurudumu, kisha akaniambia nimesoma neno moja mara mbili. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye pia alicheka, ingawa hakucheka kwa muda mrefu kama mimi.

Breki alinifundisha bila mimi kuomba. Alimchukia dereva anayekuja na kusema tu kwamba gari lina shida, kisha anakaa kwenye benchi kusoma simu. Alitaka useme shida inasikikaje na mguu wako unaisikiaje. Kelele nyembamba ya kukwaruza, alisema, ni pedi zinazokaribia kwisha, na hapo bado una muda wa kujipanga. Kelele nzito ya chuma kwa chuma ni pedi zilizokwisha, na sasa unakula diski, na kila kilomita unayoongeza unajiibia mwenyewe. Pedali ikishuka yenyewe polepole huku umeikanyaga, masta, ile pampu inayosukuma maji ya breki, imechoka. Ikiwa laini, nawe inabidi uipigepige ndipo ipande, kuna hewa ndani au maji ya breki yanavuja mahali. Gari likivuta upande mmoja, gurudumu moja linashika na jingine linazembea. Na ukifika chini ya mteremko ukanusa kitu kinaungua, usijidanganye kwamba ni mtu anachoma takataka. Alinipeleka juu na chini ya kilima cha kiwanda cha chai asubuhi nzima ya Jumamosi, mimi ndani nikiendesha, yeye nje akitembea kando ya dirisha.

Alitembea kwa sababu hakupanda gari. Hilo nalo lilitushinda kuelewa. Mtu aliyekula jasho la magari maisha yake yote alikwenda kwa miguu kila mahali, hata Kericho mjini kutafuta spea, na kurudi jioni na boksi la pedi begani. Mume wangu alimpita barabarani mara nyingi akamsimamishia, na mara zote alipunga mkono aendelee. Nilipomuuliza sababu aliniambia ameshaona ndani ya magari mengi sana.

Ukarimu hakuwa nao mwingi. Chai alikunywa ya rangi, kali, katika nchi ambayo kila boma lina ng'ombe, na ukimletea yenye maziwa aliirudisha kikombe kikiwa kimejaa. Madereva aliwagombeza mbele ya abiria wao. Kwenye ukuta wa mabati wa gereji yake alitundika pedi zilizoliwa mpaka chuma, kila moja na jina la mwenye gari limeandikwa kwa chaki, na safu hiyo aliiita kwaya. Jina la mume wangu liliimba kwenye kwaya ile mara mbili. Daktari mmoja wa wanyama aliliona lake, akakasirika, akaenda kwa fundi mwingine mwaka mzima. Aliporudi alikuta jina bado lipo, na Fundi akalifuta mbele yake.

Lakini kwenye kuamua, hapo hakuwa na mfano. Mafundi wengine wakikuta kasoro wanataka kufungua gari papo hapo, au wanakwambia endesha tu hakuna neno, kutegemea wana kazi nyingi au hawana. Yeye alikuuliza kwanza unaishi wapi, unabeba nini, na kilima gani kiko kati yako na nyumbani. Breki inayotosha kwa mama anayepeleka mboga sokoni kwenye barabara tambarare haitoshi kwa mtu anayeshuka Soin na mzigo. Niliwahi kumsikia akimwambia mwanamke mmoja aendelee na pedi zake mpaka mwisho wa mwezi, na dakika hiyohiyo akimkatalia kijana mwenye kasoro ileile asisogee hata hatua moja.

Kisa cha mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Chebunyo kinajulikana kwa wote. Alikuja na lori tupu, akienda kupakia, na Fundi akamwambia lori lilale. Yule bwana akasema ana wanyama wanaomngojea na hana siku ya kupoteza. Wakavutana kwa maneno. Mwishowe Fundi akadandia mlango wa kebini, akachomoa ufunguo, akaurusha katikati ya shamba la chai. Wachumaji waliacha vikapu wakasaidia kutafuta, wengine wakitafuta kweli na wengine wakicheka tu chini ya majani. Ulipopatikana jua lilikuwa limepanda, hasira za yule bwana zimekwisha, na lori lililala. Nimekisikia kisa hiki mara nyingi na kila mara kinanichoma. Mtu asiyemjua alimtupia ufunguo. Wa kwangu aliniachia mkononi.

Sasa nifike kwenye siku yangu. Lakini kwanza nieleze kitu ambacho msomaji wa mjini huenda akakishangaa. Gurudumu likivuja maji ya breki na spea haipo, fundi wa huku anakikunja kile kibomba chembamba cha chuma kinachopeleka maji kwenye gurudumu hilo, anakiponda kwa nyundo mpaka kinaziba. Gari linabaki na breki kwenye magurudumu matatu. Tunaliita gari la miguu mitatu, na yapo mengi yanayotembea hivyo kwa miezi, mengine yakibeba watoto wa shule. Fundi alichukia kazi hiyo. Aliifanya tu ili gari liondoke mlangoni kwake na kufika mahali pa kulala.

Ilikuwa Alhamisi, msimu wa mvua, na mume wangu alikuwa amekwenda na majani kwenye kituo cha kununulia chai. Mimi ndiye niliyechukua pikapu. Pedali ilikuwa laini, nikawa naipigapiga kila kona kama alivyonifundisha. Nilipofika kwa Fundi na kusimama, aligeuka akaniambia ni mguu wa nyuma, upande wa kushoto, na alipoingia chini ya gari akatoka na vidole vimelowa. Spea ya gurudumu lile hakuwa nayo. Alisema ataitafuta mjini Jumamosi. Akachukua nyundo akaponda kile kibomba, akafuta mikono, akaja kusimama kwenye mlango wangu. Nilikuwa nimechelewa kipindi cha pili na nilikuwa tayari nimewasha injini.

"Itafika nyumpani," alisema. "Ikifika, ipaki."

Nikasema sawa. Hakuachia mlango.

"Umesikia, Mwalimu? Ipaki."

Nikamwambia nimesikia, nikaenda zangu. Anayejua Kiswahili ameshaona shimo lilipo. Kusema gari ibaki ni kusema isitoke, ikae hapo mpaka spea ipatikane. Kusema ipaki ni kusema ukifika uiegeshe, jambo la kila jioni ambalo hakuna anayehitaji kuambiwa. Kutoka kwenye mdomo wa Fundi maneno hayo mawili yalitoka sauti moja.

Jioni mume wangu aliisogeza pikapu niliyoiacha mlangoni, akaiegesha pale inapokaa siku zote, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Kesho yake kanisa lilikuwa na mabati ya kupeleka kwenye tawi jipya kule Soin, na yeye ndiye aliyejitolea. Mimi nilikuwa darasani. Kwenye kona ya tatu ya mteremko breki zilizobaki zilizidiwa, na kilichofuata niliambiwa na watu waliokuwa wakichuma chai upande wa juu wa barabara.

Wiki moja baada ya mazishi wazee wa kanisa walikuja nyumbani. Waliongea Kiswahili kwa ajili yangu. Fundi aliitwa, akaja kwa miguu na ovaroli safi, akakaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango. Alieleza mguu wa nyuma, nyundo, spea ya Jumamosi. Kisha akasema alimwambia Mwalimu kari ipaki. Mzee aliyeongoza akamwomba arudie, taratibu. Akarudia, na kila aliyekuwa sebuleni akasikia p. Akajaribu Kikipsigis, akaeleza kwa urefu, na mzee akanifasiria kwamba Fundi anasema alinikataza kabisa kulitoa gari. Nikajibu kwamba leo mtu anaweza kueleza apendavyo, ila siku ile aliongea nami Kiswahili. Mzee akanigeukia.

"Wewe ndiye unajua Kiswahili hapa, Mwalimu. Ulisikia neno gani?"

"Nilisikia ipaki," nikasema. "Uipaki gari. Na ndivyo nilivyomwambia Baba Chebet."

Fundi alikuwa akiniangalia mdomoni. Nilifikiri ni chuki. Leo najua alikuwa akitafuta tofauti ambayo watu wengine wote waliisikia, na hakuipata. Wazee hawakumhukumu kwa neno lolote. Walisema ni bahati mbaya, wakaomba, wakanywa chai. Lakini watu walitoka pale na habari yao, kwamba Fundi alifunga mguu mmoja wa gari kisha akamwambia mke wa mtu aliegeshe tu. Kabla ya mwaka kwisha mwenye ploti alimtaka aondoke. Kwaya ilishushwa ukutani, mabati yakang'olewa, na siku hizi pale panauzwa vocha na mandazi.

Nilichosema kwa wazee kilikuwa kweli herufi kwa herufi, na ndiyo maana kimenikalia vibaya. Nilisikia ipaki. Lakini nilielewa ibaki. Nilielewa palepale, kwa sababu mtu hashikilii mlango wa gari lako na kurudia neno mara mbili ili kukukumbusha kuegesha. Mwalimu anayesahihisha maneno hayo kila wiki hawezi kujitetea kwamba yalimchanganya.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Jioni ile mume wangu aliporudi aliniuliza Fundi amesemaje. Nilikuwa jikoni, nimechoka, nataka kufurahi kidogo. Nikamwiga. Nilikuwa hodari wa kumwiga Fundi, ulikuwa mchezo wetu wa nyumbani tangu siku ya kile kipande cha katoni. Nikatia mikono mifukoni, nikanyoosha shingo, nikasema kwa sauti yake, "Itafika nyumpani, ikifika ipaki." Mume wangu, ambaye naye alikuwa na p zake, alicheka akashika mlango. Akaniomba nirudie, nikarudia. Tukala. Sikusema tena juu ya pikapu, na yeye hakuuliza. Huwa najiambia kwamba labda alielewa akaamua kwenda hivyohivyo, maana mabati ya kanisa ni mabati ya kanisa. Sijui. Niliyempa ujumbe ni mimi, na nilimpa kama kichekesho.

Kwa hiyo nilimhitaji Fundi awe mkosaji. Nilimkasirikia kwa kutotupa ufunguo wangu kwenye shamba la chai. Nilimkasirikia kwa kutoandika neno lile kwenye karatasi, kwa kutofunga gari kwa mnyororo, kwa kukaa karibu na mlango siku ile kama mtu anayetaka kutoroka. Wanafunzi walipoandika preki kwenye insha niliwakata alama mbili badala ya moja.

Mwezi uliopita nilipelekwa kusimamia mitihani shule moja karibu na Chebunyo. Kule hakuna chai, ni ng'ombe, mahindi na vumbi. Siku ya soko nilitoka kununua maji, nikamwona amekaa mbele ya kibanda, mkokoteni umelala ubavu mbele yake, na pampu za kunyunyizia dawa zimepangwa kwenye gunia. Amezeeka upande mmoja wa uso zaidi ya mwingine. Alisimama kunisalimu kwa mikono miwili, akanipangusia kigogo nikae, akaniulizia binti yetu Chebet. Nikamwambia yuko chuo. Akafurahi kweli, na furaha yake ilinisumbua.

Nilimuuliza kwa nini hatengenezi magari, soko limejaa malori. Akasema hashiki breki tena.

"Masikio iko sawa," akasema. "Ni mdomo. Mdomo yangu iliua mtu."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayekuambia goti lake ni bovu. Akaniambia kwamba kila asubuhi anajaribu yale maneno mawili, lile la kukaa na lile la kuegesha, akiwa peke yake, na bado anasikia moja. Zamani alikuwa na uhakika alichosema. Alijua alichotaka kusema. Lakini siku zilivyokwenda alifikiri, Mwalimu amesoma hii kitu, Mwalimu hawezi kukosea herufi. Kama Mwalimu alisema ni kuegesha, basi kilichotoka mdomoni kilikuwa kuegesha. Akaniomba msamaha. Alisema amengoja sana kunipata ili aniombe.

Nilitaka kuupokea. Niseme ukweli wote maadamu nimeshaanza: msamaha ule ulikuwa mtamu kwa muda wa kama pumzi mbili, na nilifungua mdomo nimwambie nimemsamehe.

"Nilikuelewa, Fundi," nikasema. "Siku hiyohiyo. Nilielewa gari ikae."

Akanitazama. Nikamweleza yote, jikoni, mikono mifukoni, shingo. Aliweka spana chini. Mtu mmoja akaja kuulizia mkokoteni wake, akaondoka bila kujibiwa.

"Mlicheka?" akauliza.

"Tulicheka."

"Na yeye?"

"Yeye zaidi."

Akatingisha kichwa polepole. Hakunitukana, na singemlaumu kama angenitukana. Akauliza kama wale wazee wa kanisa bado wako hai. Nikamwambia wako, wote, na wanakaa benchi ya mbele vilevile.

"Enda uwaampie," alisema. "Si mimi. Mimi wakisikia hawatasikia. Wewe."

Nikamuuliza lini. Akasema Jumapili inayokuja, mbele ya watu, jinsi ilivyosemwa mara ya kwanza. Nikamwahidi. Alinisindikiza kwa miguu mpaka lango la shule, akarudi kwenye mkokoteni wake.

Tangu siku hiyo zimepita Jumapili nne, na zote nimekwenda kanisani. Wazee hukaa mbele. Baada ya matangazo mchungaji huuliza kama kuna mtu mwenye neno, na hungoja kidogo kabla ya kuendelea na wimbo. Mara zote nne nimeshika benchi iliyo mbele yangu kwa mikono miwili, na sijasimama.